Funguo Zote kwa Mtu Mmoja: Juu ya Uchovu wa Viongozi wa Biashara

Mhadhara uliotolewa Mabogini, Moshi, kwa wafanyabiashara na viongozi wa ushirika

  

Nimeombwa nizungumze juu ya uchovu wa kiongozi wa biashara: atautambuaje, na atatokaje. Nitajaribu. Lakini nieleze mapema ninachokuja kukitetea, ili asiyekubali aanze kutayarisha swali lake. Nasema hivi: kiongozi aliyeishiwa kabisa haponi kwa kwenda kulala wiki mbili kwa dada yake Arusha. Anapona pale mpango wa kazi uliomchosha unapobadilishwa. Kulala ni lazima, sikatai, ila ukirudi kwenye mpango uleule utachoka tena, na safari hii haraka zaidi. Nina hoja nne. Ya tatu itachukua muda kwa sababu inahusu maji, na hapa Mabogini habari za maji haziishi kwa maneno mawili.

Hoja ya kwanza: jambo hili lipo, na lina dalili zake

Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika kuhusu watu waliojitolea kufanya kazi katika kliniki za bure. Walianza kwa ari kubwa. Baada ya muda wakawa watu wengine: wachovu, wakali, wenye dharau kwa wagonjwa walewale ambao wao walikuja kuwasaidia. Na walioanguka hawakuwa wavivu wa kundi. Walikuwa wale waliojitoa kuliko wenzao. Baada yake Christina Maslach, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na mwenzake, walitengeneza kipimo cha kuikagua hali hiyo, kikachapishwa mwaka 1981, na hadi leo watafiti wanakitumia. Mei 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua hali hii katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, kwa angalizo kwamba yenyewe si ugonjwa. Ni hali inayotokana na kazi, pale msongo wa muda mrefu unapoachwa bila kushughulikiwa.

Shirika hilo linataja dalili tatu. Mtu anaishiwa nguvu. Anajitenga na kazi yake moyoni, au anaichukia. Na anaona kwamba anachokifanya hakina tija tena. Haya ni maneno ya kitabuni, kwa hiyo tuyalete mashineni.

Chukueni mama mwenye mashine mbili za kukoboa mpunga. Msimtafute, hayupo; nimemuunganisha kutokana na watu wengi niliozungumza nao. Msimu wa mavuno analala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, na huo ni uchovu wa kawaida. Mavuno yakiisha, akilala siku kadhaa, anaamka mzima. Hapo hatuna la kujadili. Shida inaanza pale mavuno yamekwisha, amelala, na bado anaamka amechoka kama aliyekesha. Simu ikiita anaitazama mpaka inyamaze. Mkulima aliyemletea magunia tangu mashine ilipowekwa, ambaye zamani alimwekea kiti na chai, sasa anajibiwa kwa mkato, na akiondoka mama anasema, "Wakulima hawa wote ni wasumbufu." Fundi anamwambia rola zimelika, anasema sawa, na hafanyi chochote. Daftari la mapato lina kurasa tupu. Mahesabu aliyokuwa akiyamaliza kichwani anayarudia mara tatu na kila mara yanatoka tofauti. Akiulizwa na mumewe kuna nini, anasema hakuna kitu.

Nawaomba muangalie hapo kwenye dharau kwa mkulima. Watu wengi wanafikiri dalili ya kwanza ya kuishiwa ni kusinzia. Kwa viongozi niliowaona, dalili iliyotangulia ni ulimi. Mtu mpole anakuwa mkali, na mtu mcheshi anaanza kuwasema wateja wake vibaya mbele ya vijana wa kazi. Mara nyingi wafanyakazi hujua kabla ya bosi mwenyewe kujua.

Hapa niweke tahadhari moja. Si kila uchovu unatoka kazini. Kisukari huchosha, upungufu wa damu huchosha, tezi ya shingoni iliyozubaa huchosha, malaria isiyotibiwa vizuri huchosha. Sonona nayo inafanana sana na hali hii, ila yenyewe haiishii kazini: inamfuata mtu mpaka kwenye mambo aliyoyapenda, na inaweza kumfikisha mahali pa kutotaka kuishi. Kwa hiyo kabla ya kunisikiliza mimi, kapimeni. Ninyi mko jirani na Hospitali ya Mawenzi na KCMC, na zote mbili zinahudumia afya ya akili. Mtu mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri mhadhara wala kikao cha ukoo. Apelekwe leo.

Hoja ya pili: hapa kwetu uchovu huu unapigiwa makofi

Mlima wetu huu wa Kilimanjaro una sifa ya uchapakazi, na tumeipata kihalali. Wazee wetu walilima kahawa na kuiuza wenyewe kupitia chama chao tangu miaka ya 1920, wakaanzisha chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakasomesha watoto kwa kahawa hiyo. Vichekesho juu ya Mchagga na droo yake ya hela mnavijua kuliko mimi. Lakini sifa hiyo ina gharama. Mtu akifungua duka saa kumi na moja alfajiri na kulifunga saa nne usiku siku zote saba, hakuna anayemuuliza kama yuko salama. Tunamwonyesha kwa watoto wetu.

Na tukishamuona anaweza, tunamwongezea. Mwenye mashine anachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, mweka hazina wa msiba, mjumbe wa kamati ya shule, mzee wa kanisa, mlezi wa timu ya vijana. Kila kamati inaanza na mchango wake yeye, tena aanze kwa kiwango cha kuwatia wengine moyo. Akikataa ameringa. Kwa akina mama ni zaidi, kwa sababu baada ya hayo yote anarudi nyumbani kupika, na mgonjwa wa ukoo akiletwa mjini hospitali analala kwake.

Wengine mtasema: ndiyo maana kuna Desemba. Sawa, tuizungumze Desemba. (Vicheko.) Mabasi yanajaa kutoka Dar es Salaam, magari yanapanda kwenda vihambani Kibosho, Marangu, Rombo na Machame, mbuzi wanachinjwa, mbege inapikwa. Ni jambo zuri na nisingependa life. Ila tusiliite mapumziko. Kwa mtu mwenye biashara, Desemba ni kikao cha ukoo chenye ajenda ya ukarabati wa nyumba ya mama, ada za watoto wa marehemu kaka, mgogoro wa mpaka wa kihamba, na harusi mbili. Januari anarudi dukani akiwa na deni na usingizi. Mapumziko ni kitu kingine, na hatujakizoea: ni muda ambao hakuna mtu anayekudai chochote.

Yapo pia maficho mengine, nitayapitia haraka. Wapo wanaosema wamerogwa na jirani mwenye mashine, wakatumia fedha ya spea kwa mganga. Wapo wanaojificha kwenye pombe, wakaitwa wacheshi mpaka siku ini linapokataa. Na wapo wanaojificha kwenye kazi yenyewe: anafungua biashara ya pili kwa sababu ya kwanza inamchosha. Huyu wa mwisho ndiye wa hatari zaidi, maana benki inampongeza.

Hoja ya tatu: chanzo kiko kwenye mpango, si kwenye moyo wa mtu

Sasa maji. Vijana waliozaliwa wakakuta mifereji ya zege hapa huenda hawajui historia yake vizuri. Skimu ya Lower Moshi ilijengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Mpango ulikuwa kumwagilia takriban hekta 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 hivi ziwe za mpunga, Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Maji yangetoka chemchemi ya Njoro na Mto Rau. Ikaja mbegu ya IR54, yakaja matrekta, ikaja elimu ya vitalu na kupandikiza kwa mistari, na mavuno yakapanda kuliko mtu alivyotarajia.

Nini kikafuata? Majirani wakaona. Waliokuwa nje ya mpango, juu ya mabanio na pembeni yake, nao wakachimba mifereji na kulima mpunga. Huwezi kuwalaumu, nani asiyetaka mpunga? Lakini Njoro haikuongezeka. Maji yaliyopimwa kwa ajili ya majaruba fulani yakatakiwa yafike kwenye majaruba mengi zaidi, na ndani ya skimu yenyewe eneo la mpunga likaanza kupungua kwa kukosa maji. Wazee mliokuwepo mnakumbuka zamu za usiku, na mnakumbuka majembe yaliyoinuliwa kwa ugomvi wa zamu hizo.

Tazameni kilichoiharibu. Mifereji haikuwa mibovu, na wakulima hawakuwa wavivu. Mafanikio yalivuta mahitaji, na hakuna aliyefaulu kusema: hapa basi, maji haya yametosha majaruba haya tu. Ungeweza kusafisha mfereji kila wiki, maji yasingetosha. Dawa ilikuwa katika hesabu ya eneo, zamu zinazoheshimiwa, na chombo cha wakulima cha kuzisimamia.

Kiongozi wa biashara ninayemzungumzia yuko katika hali hiyohiyo. Alianza na mashine moja akiwa yeye ndiye mpimaji, mhasibu, fundi na mlinzi, na ilitosha. Akafanikiwa. Ikaja mashine ya pili, ikaja biashara ya pumba, yakaja mapawatila mawili ya kukodisha, ikaja stoo, ikaja kamati. Saa za siku zimebaki 24. Na bado funguo zote ziko mfukoni mwake: ufunguo wa stoo, wa mashine, wa droo, namba ya siri ya simu ya malipo. Kijana wa mashine hawezi kununua mkanda uliokatika bila kumpigia. Wateja ishirini wamepanga foleni wakisubiri mtu mmoja aliye msibani Kahe apokee simu.

(Hiyo simu inayoita huko nyuma, mwacheni mwenyewe aipokee. Huenda lori limekwama.)

Juu ya hayo weka mikopo. Ninyi mnaijua ile inayoitwa kausha damu, ya marejesho ya kila siku au kila wiki. Mpunga unalipa mara mbili kwa mwaka. Mkopo unadai kila Jumatatu. Mtu aliyekopa hivyo hana siku ya kupumzika hata akitaka, kwa sababu ratiba ya mwili wake imepangwa na afisa wa mikopo. Nimeona watu wakishauriwa wapunguze mawazo. Huwezi kupunguza mawazo ambayo yana tarehe ya malipo. Unapunguza deni, au unabadilisha ratiba yake iende na mavuno.

Je, sheria inasemaje kuhusu saa za kazi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mfanyakazi ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 24 za kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini sehemu ya saa za kazi haiwahusu mameneja wanaosimamia wengine na kuripoti kwa uongozi wa juu, na mwenye biashara mwenyewe hana mwajiri wa kumpa likizo. Kijana wako wa mashine analindwa na sheria kuliko wewe. Na mwili haujui nani ni bosi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa matokeo ya uchambuzi wao: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaendana na hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo kubwa kwa asilimia 17, ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Pigeni hesabu ya wiki yenu wenyewe. Mimi nisingependa kuipiga hadharani.

Hoja ya nne: kutoka

Anayetoka huanza kwa kumwambia mtu mmoja mwenye uwezo wa kubadilisha jambo. Sisemi rafiki wa kumliwaza tu. Namaanisha mume au mke anayejua madeni, mwenyekiti wa bodi, mshirika wa biashara. Kaka mkubwa, kama si yeye anayekudai. Halafu anakwenda hospitali, kwa sababu nilizozitaja. Halafu analala, kweli, na simu iko kwa mtu mwingine. Hayo ni ya wiki za mwanzo.

Baada ya hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, kazi ya kutoa funguo. Nikiwauliza wafanyabiashara kwa nini hawagawi kazi, jibu ni moja: nitaibiwa. Ni jibu la haki. Wengi wameibiwa kweli, tena na ndugu. Ila angalieni: kinachokulinda na wizi ni kumbukumbu, na kumbukumbu haihitaji wewe uwepo. Kila gunia linaloingia liandikwe na mtu mmoja, na lipimwe na mwingine. Malipo yapite kwenye lipa namba badala ya droo. Kijana wa mashine apewe kiwango ambacho anaweza kutumia kwa spea bila kuuliza, na alete risiti. Ukirudi jioni ya Ijumaa, soma daftari. Anza na ufunguo mmoja. Kama atapoteza elfu kumi katika mwezi wa kwanza, linganisha na bili ya kiharusi.

Ninyi watu wa ushirika mna bahati ambayo hamuitumii. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inawataka muwe na bodi, na muwe na ukaguzi. Kazi ya mwenyekiti ni tofauti na kazi ya meneja. Mzigo umekwisha kugawanywa kwenye karatasi. Lakini ni vyama vingapi mnavijua ambavyo mwenyekiti ndiye anayefungua ghala, anayepima, anayekwenda benki, anayeamka saa nane usiku kuamua zamu ya maji? Tunamsifu kwa kujitoa. Kwa kweli tumemnyang'anya makamu wake kazi.

Kuna anayesema: nikiondoka, itaanguka. Niwakumbushe jambo moja la nchi hii. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baadaye, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama mikoani. Hakuondoka kwa uchovu, na sitaki kumpachika sababu isiyo yake. Ninalolionyesha ni kwamba nchi changa kabisa, yenye kila sababu ya kumng'ang'ania mtu mmoja, iliendeshwa na mwingine mpaka Desemba mwaka huohuo aliporudi kama Rais. Kama serikali iliweza, mashine ya kukoboa itaweza wiki tatu za likizo yako.

Kuhusu kurudi kazini, neno fupi. Usirudi kwenye kila kitu. Aliyepona huwa na hamu ya kuthibitisha kwamba amepona, naye huanza na kamati mbili na mkopo mpya. Rudi kwanza kwenye sehemu ya kazi uliyoipenda ulipoanza, iwe ni kuzungumza na wakulima au kushika spana. Mengine yaache kwa uliyempa ufunguo, hata kama anayafanya polepole kuliko wewe. Na inawezekana baada ya hesabu zote ukaona biashara mojawapo haina faida inayolingana na inachokutoa. Iuze. Kuuza pawatila si aibu, wapo wanaolihitaji.

Tuendako

Ndugu Mwenyekiti, ningependa tusiachane na maneno matupu. Nina mapendekezo ya kupelekwa kwenye mikutano mikuu ijayo ya vyama vilivyo hapa. La kwanza, masharti ya chama yaseme wazi kwamba mwenyekiti na meneja kila mmoja anachukua likizo ya wiki tatu kila mwaka, kwa zamu, na kwamba katika siku hizo makamu anatia saini, bila kupigiwa simu mwenye likizo. Kutakuwa na faida ya ziada: daftari likishikwa na mtu mwingine wiki tatu, mengi huonekana, na mwaminifu hana cha kuogopa.

La pili ni kwa vyama vya kuweka na kukopa. Mnaijua kalenda ya mpunga kuliko mkopeshaji yeyote kutoka nje. Wekeni mkopo ambao marejesho yake makubwa yanakuja baada ya mavuno. Mtawatoa watu kwenye kausha damu kwa haraka kuliko semina yoyote, na hii ninayoitoa ikiwemo.

La tatu nalipeleka mjini. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi hapahapa. Wanafunzi wake wanakuja kwenu kila mwaka kujifunza mahesabu na masoko ya mpunga. Ombeni safari ijayo waje pia kukaa na viongozi wawili watatu, waandike ni nani anashika ufunguo gani, na warudi baada ya msimu kuona kama ufunguo umehama mkono au haujahama. Mkaguzi wa namna hiyo ni rahisi kumpata, na chai yake ni ya bei nafuu.

Mavuno yajayo yatakuja na foleni yake kwenye mashine zenu. Ningefurahi nikialikwa tena baada yake, na ningependa anayezungumza siku hiyo awe makamu mwenyekiti au kijana wa mashine, atueleze wiki zile tatu zilikwendaje. Sasa nipo tayari kwa maswali. Naona mama pale ameinua mkono tangu nilipotaja wizi, kwa hiyo tuanze naye.